Maji yameshuka Kano lakini mama hataki kuhama. Mliopitia haya mlifanyaje?

NyarKano:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mzaliwa wa Kadibo, Kano ya chini huku Kisumu, karibu na Ziwa Victoria, ila riziki yangu iko Nakuru, nashona sare za shule kibandani pale Free Area. Naandika kwa ajili ya mama. Nivumilieni, maneno ni mengi.

Masika ya mwaka huu wa 2024 mto Nyando umevunja kingo. Watu wa Kano mafuriko tunayajua. Maji yanaingia, mnapandisha magunia darini, mnalala kwa jirani aliye juu kidogo, yakiondoka mnazoa tope na kupanda upya. Mama alipitia yale ya El Niño 1997 na mtoto mgongoni. Tofauti ya sasa ni ziwa. Mwaka 2020 lilipita rekodi ya 1964, na mwaka huu limejaa kushinda hapo, basi mto ukishuka kutoka Nandi na Kericho na matope yake hauna pa kumwaga. Maji hayapiti tena, yanasimama. Kwetu yalisimama hadi ukuta wa udongo ukalainika na nyumba ikaketi chini. Choo kilizama chote, na maji ya choo na ya kisima yakawa kitu kimoja. Mbuzi wamekufa. Ng'ombe aliyebaki kwato zimeoza.

Mama yuko kambini kwenye shule ya msingi pamoja na mtoto wa marehemu dada yangu, mvulana wa miaka saba. Tangu shule zifunguliwe Mei 13 wanapisha wanafunzi asubuhi, wanashinda chini ya mti na vyombo vyao, jioni wanarudi darasani kulala. Kaka yetu mkubwa yuko Mombasa, na siwezi kumlaumu, amejikaza. Amepata ploti upande wa Maseno, penye mawe na mwinuko, ameshalipa nusu. Akapiga simu kumwambia mama ajitayarishe. Mama akamuuliza, "Na baba yako nimwachie nani?" Simu ikakatika hapo, na mpaka leo sijui kama ni mtandao.

Baba amezikwa mbele ya nyumba, mkono wa kulia, panapostahili. Maji yamekula udongo upande mmoja na saruji imeinama. Kila asubuhi mama anavaa gambuti, anapita kwenye tope mpaka pale, anaangalia, anarudi kambini. Ndugu zangu wanasema huzuni imemchanganya. Mimi sioni hivyo. Nikikaa naye ananihesabia mambo yake sawasawa: kishamba cha mpunga alichokodi, chama ambacho zamu yake ya kupokea ni mwezi wa nane, zahanati wanakomjua na presha yake, kwaya. Maseno ana nani? Naona anataja kaburi kwa sababu hilo hakuna mtoto wake anayeweza kulibishia.

Sasa naomba kuuliza. Kuna aliyehamisha mzazi akaacha kaburi nyuma, au akahama nalo? La pili, huyu mvulana halali bila viatu. Ukimvua akishasinzia, usiku anaamka kuvitafuta akilia. Mvua ikianza kugonga mabati anakwenda kusimama mlangoni. Mwalimu wake anasema atazoea. Halafu kuna kisima, mama ameshaanza kusema akirudi atachota mlemle.

Mimi ni binti niliyeolewa. Kikao cha nyumbani nasikilizwa mwisho, kwa hiyo nikipewa nafasi nataka niwe na cha kusema.

Omunyala wa Port:

Pole sana dada. Mimi ni wa Budalang'i, yako nayajua tangu tumboni. Mto wetu ni Nzoia na sisi tumezaliwa chini ya tuta. Likishikilia, tunalima. Likipasuka, tunapanda juu yake na hema, kuku na ng'ombe, tunaishi hapohapo mpaka yaishe. Mwaka 2008 lilipasuka Makunda, 2011 tukapigwa tena, 2020 tena. Kila mara tunaambiwa tuhame, kila mara tunarudi, halafu magazeti yanatuita wakaidi. Hayasemi kwamba maji yakiondoka yanaacha tope ambalo mahindi yake hayadai mbolea. Ukitoka hapo ukaenda kwenye mawe unahama na njaa yako.

Nianze na kisima maana hicho ndicho kinaua haraka. Asichote. Amtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, naye amwite afisa wa afya ya umma. Kisima kinatolewa maji yote na tope, kuta zinasuguliwa, kinatiwa klorini kwa kipimo cha afisa (si kwa kukisia, nimeona watu wakimwaga jagi zima), kinaachwa usiku kucha, kisha maji yanatolewa mpaka harufu ipungue, na yapimwe kabla ya mtu kunywa. Lakini kama choo kilizama karibu, hata mkitia dawa leo kesho yamechafuka tena. Sisi cha namna hiyo tulikifukia. Kwa sasa maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa leso safi, kwa sababu dawa haina nguvu ndani ya tope. Kipindupindu Kano si mgeni, wala malaria baada ya maji kusimama. Hakikisha wana chandarua hata hapo darasani.

Kuhusu mama, ushauri wangu ni mfupi: inueni nyumba, msimhamishe yeye.

Bwana Wazi:

Nitasema ambalo wengine wanaogopa. Kila masika ni Nyando na Budalang'i, kila masika ni michango, na kila masika watu wanarudi palepale. Kaburi ni udongo. Mtoeni mama kwa nguvu. Atalia mwezi mmoja, kisha atazoea.

Omunyala wa Port:

Kwa nguvu ya nani, Bwana Wazi? Wanawe wambebe juujuu au waite polisi? Tueleze, tujifunze.

MamaKeni MaiMahiu:

Pole NyarKano. Bwana Wazi mimi sikujibu, nina nguo za watu za kupiga pasi.

Sisi wa Mai Mahiu hatukupewa nafasi ya kubishana kuhama au kubaki. Alfajiri ya Aprili 29 mwaka huu maji yalitushukia na mawe, magogo na magari. Kwanza tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye maafisa wakaeleza kwamba takataka zilikuwa zimeziba njia ya maji chini ya reli ya zamani, maji yakajikusanya huko juu mpaka yakavunja. Makumi ya watu walikufa na kuna wasioonekana mpaka sasa. Palipokuwa nyumba yangu pamejaa mawe makubwa, hata mpaka wangu na jirani huuoni. Kwa hiyo nilihama bila kuamua, na sasa nimepanga chumba Naivasha.

Nikwambie ukweli pande zote mbili. Mvua ikinyesha usiku siogopi mto, na hilo si jambo dogo, usiruhusu mtu alidharau. Lakini majirani wangu wote walitawanyika. Hapa nikianza kusema juu ya mtu aliyepotea lazima nieleze alikuwa nani, aliuza nini, alichekaje, na nikifika hapo nimechoka naacha. Mama yako amtafutiwe watu kwanza, ploti baadaye. Maseno kuna kanisa lake? Kuna mtu wa ukoo wake hata mmoja? Aende akakae huko siku chache kabla hamjamaliza kulipa ile nusu nyingine.

Mtoto. Wangu ana miaka tisa, yeye alianza kukojoa kitandani. Mshauri wa Msalaba Mwekundu aliyekuja kambini alituambia tusiwalazimishe kusimulia, ila wakianza wenyewe tusiwanyamazishe. Warudi shuleni mapema, wale na walale saa zilezile kila siku, wacheze. Viatu mwachie! Anataka kuwa tayari kukimbia, na kwa aliyoyaona si ujinga. Mimi niliketi na wangu tukapanga: mvua ikizidi nani anabeba nini, tunapita wapi, tunakwenda kwa nani. Tukafunga mfuko tukauweka nyuma ya mlango, ndani kuna vitambulisho, cheti chake cha kuzaliwa, tochi na sweta. Alipoona kwamba na mimi niko macho, akaanza kulala. Bado anaamka usiku mwingine, sitakudanganya. Hiyo ya "atazoea" mwalimu aiache. Ikipita zaidi ya mwezi na hali ni ileile, au akikataa chakula na michezo, mpelekeni hospitali, muulizie kliniki ya afya ya akili pale Kisumu, hospitali ya Jaramogi ambayo watu huiita Russia. Msalaba Mwekundu pia wana simu isiyotozwa, 1199, na si ya watoto tu.

Nakuuliza dada, mama yako mwenyewe analala? Umeandika ya wote isipokuwa hilo.

Mwalimu Mstaafu (Nyakach):

Binti yangu NyarKano, nimesoma na nimerudia kusoma. Mimi ni jirani yenu wa ng'ambo, maji yanayowatesa ninyi hutugusa nasi.

Juu ya kaburi. Kisheria halifukuliwi bila kibali, hilo mwambie kaka yako kabla hajatuma vijana na majembe. Kimila, sioni haja. Nyakach wengi walipanda Nyabondo wakaacha makaburi ya wazee chini. Wanashuka Desemba, wanapalilia, wanakaa kivulini, wanapanda tena. Hakuna aliyeandamwa na lolote kwa sababu hiyo. Tena wazee wetu walikuwa na njia hata kwa yule ambaye ziwa lilimchukua asionekane: walizika tunda la yago mahali pake, na kaburi likahesabiwa kaburi. Mila iliyoweza kumpa heshima asiyepatikana haitashindwa na marehemu anayejulikana alipo. Kinachotakiwa upesi ni kurudishia udongo ule ulioliwa na kupanga mawe upande wa chini ya mteremko, kabla saruji haijapasuka. Wanawe wa kiume wafanye hivyo mwezi huu. Mama akiona mikono yao pale nadhani mazungumzo yatabadilika.

Sasa nikuulize jambo. Kaka yako alipiga simu akasema nini hasa? Kwa sababu boma jipya kwetu Wajaluo lina utaratibu wake. Kuna mwana wa kwanza, kuna jogoo, kuna shoka, kuna moto, na mjane ana wa kusimama naye. Mtoto akinunua ploti Maseno na kujenga, ile ni nyumba ya mtoto. Mama akienda pale ni mgeni kwa mwanawe na kwa mke wa mwanawe, atauliza ruhusa ya kuhamisha sufuria. Yeye ndiye mwenye dala, yaani boma, huko Kadibo, hata kama dala yenyewe imelala chini. Nashuku hilo ndilo alilolisikia kwenye simu, ingawa hakuna aliyelitamka.

Halafu shamba. Hati iko wapi? Kama ilienda na maji, mtapiga ripoti polisi, mwenye ardhi aape kwa hati ya kiapo, apeleke ombi ofisi ya ardhi, tangazo litoke katika Gazeti la Serikali, na siku 60 zikipita bila pingamizi hati mpya hutolewa. Ila mwenye ardhi akiwa marehemu hamwezi kuanzia hapo, lazima mirathi ifunguliwe mahakamani kwanza. Nimeona familia zilizohama haraka baada ya maji zikaacha shamba la urithi halijagawanywa. Waliporudi walikuta linalimwa na mtu mwenye karatasi. Msitoke wote kabla ya hilo kukaa sawa.

Kuhusu Bwawa la Koru-Soin ambalo mtaambiwa litawaokoa: likikamilika litapunguza nguvu ya Nyando, na naliombea. Lakini nimelisikia tangu nikiwa na chaki mkononi. Mjenge kana kwamba halipo.

Bwana Wazi:

Mwalimu umeeleza vizuri, hilo la hati sikulifikiria. Ila bado nasema watoto wasilale chini ya mto.

NyarKano:

Asanteni nyote. Nilikwenda Kadibo wikendi, nikawasomea mama na shangazi majibu yenu chini ya ule mti. Nilipofika kwa kuomba ruhusa ya kuhamisha sufuria, mama akanikatiza: "Huyo mwalimu ni mwana wa nani?" Nikamwambia simjui, ni mtu wa Nyakach. Akasema nirudie hapo. Nikarudia. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu.

Mama Keni, nimemuuliza. Halali. Anasema usiku darasani anasikiliza matumbo ya watoto wa watu, nani anaharisha, ili awahi kumwamsha mama yake. Nimeongea na mhudumu wa afya pale kambini ampime presha maana dawa zake pia zilienda na maji na yeye hakutaka kumsumbua mtu. Na mvulana tumemfungia mfuko. Tulimwachia achague vitu viwili vyake, akaweka mpira wake uliopasuka na chaja isiyo na simu. Usiku wa kwanza alilala na viatu vilevile, na mfuko kaukumbatia. Sawa tu.

Hati ipo. Mama aliifunga kwa karatasi ya nailoni na kuiweka kwenye debe la unga, na debe ndilo lililoelea. Lakini jina ni la babu, si la baba hata. Kwa hiyo mirathi ni mbili, Mwalimu? Mungu atusaidie.

Kaka nilimpigia usiku. Sikumsomea, nilimuuliza tu kama mama akienda Maseno jiko litakuwa la nani. Akanyamaza, akasema atanipigia. Alipopiga tena alikuwa ameongea na mkewe. Wazo lake la sasa ni kwamba ploti ibaki yake, ajenge chumba kimoja cha mama chenye jiko lake, na mama aende huko masika, Machi mpaka maji yatulie, kisha arudi kwake. Mama amesema atakwenda "kutembea". Hilo la kuhama hataki kulisikia, na sisi tumekubaliana tusilitaje. Kaka atakuja Julai yeye na mdogo wetu kurudishia udongo kaburini.

Bwana Wazi, mama anakusalimu. Anasema siku utakayokuja upande mpunga naye mtaongea vizuri.

Sasa nauliza la ujenzi. Kadibo ni tambarare kabisa, mwinuko tutautoa wapi? Tunainua futi ngapi, na kwa udongo gani? Fundi mmoja wa Kisumu mjini ametuambia tuchimbe hapohapo uani turundike.

Mwalimu Mstaafu (Nyakach):

Mirathi ni mbili, ndiyo, ya babu kwanza, kisha fungu la baba. Anzeni na barua ya chifu.

Fundi huyo msimpe kazi. Udongo mweusi wa Kano hupasuka kiangazi na kufura ukilowa, nyumba itatembea juu yake. Tena akichimba uani amewatengenezea bwawa mlangoni na mbu juu yake. Nunueni murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa lori, mkiungana na majirani wawili watatu bei inapungua. Kimo msikadirie kwa macho: tafuteni alama ya maji kwenye ukuta wa shule au shina la mti ambalo halijaoshwa, pimeni hapo, ongezeni futi mbili. Shindilieni tabaka kwa tabaka na maji kidogo, si kumwaga lote kisha kupita juu na tingatinga. Kingo ziwe na mteremko na mpande nyasi mapema zishike. Fanyeni Desemba hadi Februari. Wakati huu wa Juni ardhi bado imeshiba, mtazika pesa.

Na muachie maji njia. Nimeketi katika kesi nyingi za mtu aliyeinua kwake akageuza maji yote kwa jirani.

Omunyala wa Port:

Mwalimu umesahau choo.

Mwalimu Mstaafu (Nyakach):

Kweli kabisa. Choo kiinuliwe pia, kimo kilekile cha nyumba, shimo lijengewe ukuta ndani lisianguke, na kiwe mbali na kisima upande ambao maji hushukia. Pesa zikiwa chache, NyarKano, kijengeni hicho kabla ya nyumba.